Jina Ambalo Kapata Nzima Inalijua

Jumanne, 14 Oktoba. Mawingu tangu alfajiri, lakini mvua imekataa kushuka. Joto la kukaba koo. Vumbi la malori limeingia hadi kwenye ndoo ya maji niliyoifunika jana.

Barua pepe ya Maître iliingia saa moja na dakika ishirini, nikiwa bado napiga mswaki. Niliisoma mara tatu, nimesimama mlangoni na povu mdomoni.

Maître Annelies anapewa tuzo. Ni mwanasheria kutoka Ulaya, anatetea waandishi wa habari na haki za binadamu katika nchi nyingi, na huku Kolwezi tunamwita Maître tu, kama tunavyowaita mawakili wote. Nilimfanyia kazi mwaka huu, kesi moja. Sasa kuna mtu kwenye kamati ya tuzo ambaye ameuliza swali kuhusu shahidi wa kesi hiyo. Kwa hiyo Maître anahitaji karatasi moja kutoka kwangu kabla ya saa kumi na moja jioni: kwamba mimi, msaidizi wake wa hapa, nathibitisha shahidi alielezwa hatari zote na akajichagulia mwenyewe jina la kumficha. Ikiwezekana, shahidi naye atie saini chini ya yangu.

Mstari wa mwisho ulikuwa huu: ofisi itafunguliwa Kolwezi mwezi wa kwanza, wanatafuta mratibu, na "tunakufikiria wewe".

Nina diploma ya sekondari na miaka thelathini na minne. Hakuna ofisi iliyowahi kunifikiria.

Nitaandika yote kwa mpangilio. Nikianza kulia sitamaliza.

Kesi ilikuwa ya mtangazaji wa redio ndogo hapa Dilala. Alisema hewani kwamba maji machafu ya kampuni moja, ambayo sitaitaja, yameua bustani za akina mama kando ya kijito. Kampuni ikamshtaki kwa kuichafulia jina. Akawekwa ndani. Mawakili wa mji walikuwa na shughuli nyingi ghafla.

Maître alikuja. Hilo lazima niliseme, kwa sababu leo nina uchungu na uchungu ni mwongo. Alikuja, akalala kwenye hoteli isiyo na umeme, akala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo bila kukunja uso, na kila asubuhi alikuwa gerezani kabla ya askari kumaliza kupiga gumzo lao. Kabla yetu alikuwa amewatoa waandishi gerezani katika nchi ambazo mimi nazijua kwenye ramani tu. Anajua sheria kama mama anavyojua sufuria zake. Kila karatasi yake ina namba. Alinipenda kwa sababu mimi naandika tarehe kwenye kila kitu, hata kwenye kopo la chumvi.

Nilikuwa mkalimani wake na mjazaji wa fomu.

Tulihitaji mama mmoja wa kuieleza mahakama kwamba bustani kweli zilikufa. Saba walikataa. Mmoja alikubali. Humu kwenye blogu nitamwita Mama Ndaya. Si jina lake, na mtoto wake wa kwanza haitwi Ndaya. Nimejifunza, kwa kuchelewa. Jina la mtaa wao, Kapata, nimeliacha kama lilivyo, kwa sababu Kapata nzima inajua tayari.

Kosa lilikuwa hapa. Maître ana kanuni ya kuwalinda mashahidi, anaitumia nchi zote: jina lililo kwenye kadi ya uchaguzi lisionekane popote. Shahidi achague jina lingine. Kanuni nzuri, inafaa huko inakotoka.

Kwetu mwanamke akishazaa mtoto wa kwanza, jina la kadi linabaki kwa kadi. Padri analitaja siku ya ndoa, karani siku ya kura, basi. Jirani aliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini halijui. Mumewe mwenyewe atafikiri kidogo ukimuuliza. Jina lake la kweli, lile la sokoni, la kanisani, la kisimani, ni la mama wa fulani.

Nilimuuliza: "Mama, tukuite nani?" Akacheka. "Bananiitaka Mama Ndaya, njo jina iko." Nikaandika kwenye fomu: Mama Ndaya. Jina la kadi, ambalo hakuna anayelijua, tukalifunga kwenye sanduku la chuma. Jina ambalo kila mtu analijua tukalipeleka mahakamani, tukaliweka kwenye ripoti, na redio zikalisoma kwa Kiswahili wiki nzima.

Mtangazaji aliachiwa. Yuko hewani tena, sauti ileile. Ni jambo zuri na ni kweli.

Wiki mbili baadaye mume wa Mama Ndaya, humu nitamwita Tata Ilunga, dereva wa kampuni ileile kwa miaka kumi na moja, aliambiwa getini asiingie. Hawakumwambia sababu. Mlinzi ndiye aliyemnong'oneza: "Salimia Mama Ndaya." Nilimwandikia Maître mara moja. Alijibu kwamba amesikitika sana.

Watu wakiniuliza, nilisema ni mpango wa Wazungu, sikuuelewa. Hata humu niliandika hivyo mwezi wa sita. Someni nyuma, ipo.

Ni uongo.

Daftari langu la karatasi, tarehe 7 Mei: "Nimesoma rasimu yote ya ripoti. Mama Ndaya atatambulika. Nimwambie Maître? Kesho anasaini barua yangu ya mapendekezo." Tarehe 8 Mei: "Barua nimepata. Nzuri sana."

Hakuna kingine tarehe 8 Mei.

Leo saa tatu niliichapa karatasi ya Maître kwenye duka la mashine za kuchapa hapa Dilala, nikachukua moto, pikipiki ya abiria, hadi Kapata. Sikwenda kuomba msamaha. Nilikwenda kutafuta saini. Nilijiambia njiani kwamba nikiwa mratibu nitamtafutia Tata Ilunga kazi, udereva wa ofisi, kwa nini isiwe. Kilomita zote zile nilikuwa mtu mwema.

Nyumba yao ni moja ya zile za zamani zilizojengewa wafanyakazi, ukuta wa matofali mekundu. Mama Ndaya alikuwa anachambua lengalenga, mchicha wetu, alilonunua sokoni. Mama aliyelisha nusu ya mtaa kwa lengalenga lake. Tata Ilunga alikuwa kwenye kiti, saa nne asubuhi, siku ya kazi.

"Régine! Ingia, mutoto wangu, jua itakuua pale inje," Mama Ndaya akaniita.

Tata Ilunga aliiona bahasha kabla ya kuniona mimi. "Analeta tena fomu? Umuambie ile ya kwanza ilikula kazi. Hii itakula nini sasa, kiti?"

"Muache, baba Ndaya. Shi ni ule muzungu njo alitutia mu redio? Huyu ni mutoto ya Dilala. Angejua, angetuambia."

Alisema hivyo bila kuinua kichwa, kama mtu anayesema chumvi iko wapi.

Nikamweleza karatasi. Nilieleza vizuri, nilipitia kifungu kwa kifungu, kama nilivyofundishwa. Nikasema pia kuhusu kazi ya ofisi. Tata Ilunga akapiga mluzi mdogo. "Bureau! Sasa utatuonaka kwa kioo ya gari."

Mama Ndaya akafuta mikono kwenye kitenge. "Ka itakusaidia upate kazi, leta kalamu. Sisi tulishapoteza yetu. Bora mumoja apate."

Akaichukua kalamu. Akaanza kutafuta mahali pa kuandika, na kidole chake kikapita juu ya jina langu, ambalo lilikuwa limechapwa pale tayari, herufi kubwa.

"Mama," nikasema, "nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilisoma ile karatasi kabla ya redio kuisoma. Nilijua batu bote batakujua. Nikanyamaza."

"Juu ya nini?"

"Juu ya barua ya kazi."

Tata Ilunga akacheka, na kile kicheko nitakisikia muda mrefu. "Voilà! Leo njo umesema Kiswahili mi nasikia!"

Mama Ndaya hakucheka. Alirudisha kifuniko cha kalamu, taratibu, akaiweka juu ya karatasi.

"Mi nilikutetea ku kanisa," akasema. "Bamama bote banasema, Régine njo alimuuzisha. Mi nasimama, nasema hapana. Ku kanisa, Régine."

Katika fomu zote nilizojaza hakuna mahali pa jambo kama hilo.

Akarudi kwenye lengalenga lake. Nilisema kwaheri mara mbili. Mwaka huu nimekwenda pale labda mara kumi, na kila mara Mama Ndaya alinisindikiza hadi kona ya duka la unga, hata siku anaumwa mguu, akisema mgeni haachwi mlangoni.

Leo hakunisindikiza.

Nilirudi nyumbani saa saba. Sikula. Nilimwandikia Maître kwamba siwezi kutia saini, na kwa nini. Nilimwandikia yote, pamoja na maneno ya tarehe 7 na 8 Mei, neno kwa neno. Nilidhani barua hiyo itaanguka kwenye ofisi yake kama jiwe. Nikiri na hili: nilijiona shujaa kidogo.

Alinipigia saa kumi kasoro robo. Tulizungumza Kifaransa. Hakupiga kelele, Maître hapigi kelele kamwe. Alinishukuru kwa ukweli wangu. Akauliza hali ya Tata Ilunga, akalikosea jina lake. Akasema kazi hii ina gharama, na yeye hulala nayo kila usiku, na namwamini kwamba hulala nayo. Akasema tuzo si yake, ni ya waandishi wote wanaongoja kutolewa, kwa sababu mlango mmoja ukifunguka kwa jina lake, na wao wanapita.

Nikamwambia hata hivyo siwezi.

"Sikulazimishi, Régine," akasema. "Fomu yenyewe inatosha."

Niliuliza fomu ipi.

Akanisomea, kutoka huko aliko. Kisanduku namba sita: jina lililochaguliwa na shahidi mwenyewe baada ya kuelezwa hatari. Jibu: Mama Ndaya. Tarehe. Saa. Saini ya msaidizi. Mwandiko wangu, alisema, ndio uliokuwa safi kuliko wa wasaidizi wote aliowahi kufanya nao kazi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa upole, kama mtu anayekupa moyo.

Kwa hiyo nimekataa kusaini kitu nilichokwisha kukisaini mwezi wa tano, kwa wino mweusi, na tarehe.

Kuhusu ofisi ya mwezi wa kwanza hakusema neno. Nami sikuuliza.

Tangu jioni najaribu kumchukia, siwezi hadi mwisho. Kesho atakuwa kwenye ndege tena. Mahali fulani kuna mtu amewekwa ndani kwa sababu alisema ukweli kwenye maikrofoni, na hana mwingine wa kumtoa isipokuwa yeye. Amfikie. Ninasema hivyo kwa moyo. Ila huko anakokwenda, namwombea apate msaidizi mwenye mwandiko mbaya na mdomo mrefu, anayemkatiza katikati ya sentensi na kumwambia: Maître, kwetu haiko hivyo.

Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri.

Kesho nitakwenda kanisani kwa akina Mama Ndaya, ibada ya akina mama ya saa kumi na mbili asubuhi, nisimame mahali aliposimama yeye kunitetea, niseme akina mama wale walisema kweli juu yangu. Sijui kama ataniangalia. Sijui kama nitafika hata kwenye ngazi. Lakini jina lake alilitia rehani mbele yao kwa ajili yangu, na huko ndiko linakopaswa kukombolewa.

Nakwenda kulala sasa, saa saba na dakika arobaini usiku.