Kaloki Anaomba Maji

Mukuyuni,
Jumapili jioni.

Kwa dada yangu Kanyiva,

Hujambo huko Kitui? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi huku ni wazima, ila jua limekuwa kali mpaka kunde zimekauka zikiwa na maua. Najua wewe huruka salamu ukakimbilia habari, lakini leo soma polepole. Ningekupigia simu, ila haya siwezi kuyasema kwa mdomo.

Unakumbuka bustani ambayo ndugu yetu Kaloki aliwatengenezea wanafunzi wangu wa klabu ya mazingira. Alichomeka kijiti cha kupima unyevu kwenye tuta la sukuma wiki, akakiunganisha na sola na spika ndogo. Udongo ukikauka, spika husema kwa sauti ya Kaloki mwenyewe, na kile kicheko chake cha kuudhi mwishoni: "Watoto, nina kiu. Nileteeni maji." Watoto walikuwa wakigombania ndoo. Walielewa kwa mchezo ule mambo niliyoshindwa kuwafundisha kwa chaki, kwamba maji ni ya kumwagwa yanapohitajika tu.

Tangu ile ajali ya pikipiki pale Salama, ndoo haigombaniwi tena. Spika haijui kwamba mwenye sauti tumemzika. Huomba na kucheka vilevile, nami nikiwa darasani hufunga madirisha. Mzazi mmoja alikuja kuniambia kwamba marehemu kuomba maji si somo la watoto. Mwalimu mkuu, kwa upole, akanitaka niifute sauti hiyo tuweke ya Yvonne wa darasa la sita. Nilikubali, na kusema kweli nilishukuru.

Ila kuna jambo lilinitia hofu. Ijumaa asubuhi nilimwagilia mwenyewe mpaka udongo ukanata vidoleni, na mchana sauti ikaomba tena. Mimi, mwalimu wa sayansi, nilisimama nje ya ua nikisali.

Leo baada ya ibada nilienda bustanini kuifuta sauti ile. Nikamkuta baba. Baba yetu ambaye hakutoa chozi siku ya mazishi, tukanung'unika kwamba ana moyo mgumu. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope na koti lake la kanisani. Alikichomoa kile kijiti, akakipangusa kwa leso mpaka kikakauka, na Kaloki akaomba maji. Ndipo nikaelewa ya Ijumaa. Baba akakirudisha udongoni, akamimina maji ya chupa taratibu.

Aliponiona hakushtuka. Alisema, "Pale Salama aliniomba maji. Watu wakasema mtu aliyeumia hapewi maji. Nikamnyima, mwana wakwa, na hakuomba tena."

Kanyiva, kumbe baba alimfikia Kaloki akiwa bado hai, na hajawahi kutuambia. Nilimwambia naweza kumwekea sauti hiyo kwenye simu yake. Alikataa, alisema kwenye simu hawezi kumpa kitu.

Kwa hiyo sikuifuta. Yvonne atapata kifaa kingine, nitajua la kumwambia mwalimu mkuu. Hiki tumekileta nyumbani, baba amekichomeka kando ya kaburi, penye mche wa mwarubaini alioupanda. Kimeomba, akamwagilia, kikanyamaza. Ninapoandika, bado ameketi hapo na ndoo, akisubiri udongo ukauke.

Wasalimie shemeji na watoto, na uwabusu kwa niaba yangu. Na tafadhali uje. Nimejaribu kumpokea ile ndoo, amekataa kuiachilia.

Ni mimi mdogo wako,
Wavinya