Jicho Lililochongoka

Jumatano, 2 Julai

Taulo kwenye sinki kwanza, lenzi isije ikaenda na maji. Mikono kwa sabuni mara mbili. Ya kulia imekaa kwa jaribio la nne. Ya kushoto imegoma, nimeirudisha kwenye kikopo chake. Jicho la kushoto limeshazoea kukata tamaa.

Siku ya kwanza daktari wa lenzi kule Moshi alinichorea kwenye karatasi. Mbele ya jicho la mtu kuna kioo cha mviringo. Changu kimekonda, kimechongoka kama kichuguu. Miwani haisaidii. Kinachosaidia ni lenzi ngumu, ndogo kuliko kifungo cha shati, inayokaa juu ya kichuguu na kujifanya ndiyo jicho. Ikikaa vizuri, naona hadi masikio ya swala. Isipokaa, kila kitu kina mwenzake pembeni.

Mke wangu Martina anajua. Kazini hajui mtu. Mama Tluway, mwenye magari, anaamini nina mzio wa vumbi. Dereva wa watalii asiyeona ni sawa na mpishi asiye na ulimi.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeshuka kreta, bonde la wanyama, na wazee wawili wa Kiholanzi. Wapole. Upepo mkali kutoka upande wa Ziwa Magadi, vumbi jeupe hadi kwenye meno. Chembe moja imeingia chini ya lenzi. Maumivu yale sina jina lake. Machozi, kamasi, na huku nawaelezea habari za heroe, wale ndege wa ziwani.

Nimesimamisha gari, nikajidai nakagua tairi. Nimeitoa lenzi, maji ya kuoshea nimeyasahau nyumbani. Nikairamba. Nikairudisha jichoni. Daktari alinikataza hilo kabla hata hajaniambia jina lake.

Wanyama wote wa leo nimepewa na redio. Bura, dereva mwenzangu, kasema mwenye masharubu yuko karibu na msitu wa Lerai, nikaenda. Simba hatumtaji kwa jina, wageni wa siku hizi wanalijua. Sheria ya redio haikuandikwa popote ila kila dereva anaijua: ukipewa, nawe utoe. Mimi tangu Mei sijatoa hata nguruwe pori. Naona aibu. Bura hajasema kitu, na ukimya wake unaniumiza.

Jumatano, 9 Julai

Moshi. Basi la kwanza kutoka Karatu, nimefika nimechoka.

Daktari ana boksi la lenzi za kujaribia, zimepangwa kwa namba. Anaweka moja, anatia dawa ya rangi ya chungwa, anazima taa, ananimulika kwa taa ya buluu. Anaitoa. Hii imelala mno, inakandamiza ncha. Nyingine. Hii imebana, ina kiputo cha hewa katikati. Nyingine. Hii inateleza nikipepesa. Nimehesabu hadi ya tisa nikaacha. Jicho limekuwa jekundu likakataa ya kumi.

Amesema la kulia limezidi kuchongoka tangu mwaka jana. Lenzi niliyonayo inasugua ncha. Ataagiza nyingine, inatengenezwa nje ya nchi, nisubiri wiki kadhaa. Kwa sasa hii nisiivae zaidi ya saa nne kwa siku, na nikae mbali na vumbi.

Nimecheka. Yeye hakucheka. Julai, Karatu, nikae mbali na vumbi.

Jumapili, 13 Julai

Martina amenikuta nafikicha macho, amenipiga kwenye mkono kama mtoto. Ana haki. Kufikicha ndiko kunakoongeza ubaya. Lakini yanawasha. Mungu anisamehe, ni raha ya dakika moja.

Alhamisi, 17 Julai

Leo nimekaa na lenzi kwa saa kumi na moja. Jana kumi. Nifanyeje, nimwambie mgeni safari imeishia hapa, jicho langu limetimiza saa zake?

Ijumaa, 25 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi, mbali upande wa kulia wa barabara, nimeona mgongo mkubwa wa kijivu umelala kwenye nyasi. Pembeni yake mwingine, mdogo zaidi, umefifia. Faru na mtoto wake. Sikumwuliza mtu, sikushika darubini. Miezi mitatu nakula vya wenzangu, leo nina cha kuwapa. Nikashika redio nikatoa.

Wamekuja wote. Waliokuwa mbali kwenye maji ya Ngoitokitok wamekuja, waliokuwa mezani wanakula wamefunga vyakula wakaja. Foleni ya magari, wageni wamesimama juu ya viti na kamera zao. Nikasikia sauti ya Bura dirishani kwangu, polepole:

"Kaka, huyo ni nyati. Na yuko mmoja."

Mtoto hakuwepo. Mtoto alikuwa jichoni mwangu.

Hakuna aliyenitukana. Gari moja moja likageuza. Bura akasema hewani kwamba faru alikuwepo, amezama kwenye bonde. Uongo wa kunisitiri, na kila mtu aliujua. Wageni wangu walimpiga picha yule nyati. Natamani ardhi ingenimeza pamoja na gari la Mama Tluway.

Jumatano, 6 Agosti

Lenzi mpya imefika. Niliifuata Moshi kama anayefuata mahari.

Haikukaa. Imeelea juu ya jicho, ikadondoka kwenye shavu. Daktari akairudisha, ikadondoka tena. Akanimulika muda mrefu kuliko siku zote. Akaniuliza kwa siku nakaa na ile ya zamani muda gani. Nikasema saa nne. Akaniuliza tena, taratibu. Nikasema kumi na moja.

Kuna kidonda kwenye ncha, na chini yake kovu. Jicho limebadilika umbo wakati lenzi iko njiani. Alipimia jicho ambalo sasa halipo. Hakuna lenzi yoyote hadi kidonda kipone, na kovu halitapona. Ikibidi, nitawekewa kioo cha mtu aliyekufa, na orodha ya wanaongoja ni ndefu. Ameandika jina langu. Nitangoja muda gani, hajui. Hakunigombeza, ningependa anigombeze.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda kwa Mama Tluway kabla ya chai. Nilikuwa na maneno yangu njia nzima, yote yamekauka. Nimemwambia macho yangu yamekwisha, na kwamba si mzio, haikuwa mzio kamwe. Yule nyati pia nimemwambia. Alikuwa ameshasikia.

 Akaniuliza:

"Siku zote hizo ulikuwa unaendesha watu wangu hivyohivyo?"

"Ndiyo, mama."

Barabara ya kushuka kreta ile, yenye korongo upande mmoja. Sikuwahi kuifikiria hivyo mpaka aliposema "watu wangu". Amenyoosha kiganja, nikampa funguo. Amesema nikipona nirudi tuongee. Hakusema kazi ipo.

Jumanne, 12 Agosti

Nimelala mchana. Matone mara sita kwa siku. Hakuna kingine.

Jumapili, 24 Agosti

Sikwenda kanisani. Naandika kwa herufi kubwa, sijui kama mistari inafuatana.

Bura alipita na mkungu wa ndizi, tukazungumza mahindi na mvua. Kreta hatukuitaja. Alipoingia alitaja jina lake, na alipoaga akalitaja tena mlangoni, kana kwamba nisingemjua. Anajifunza na yeye kukaa na mtu asiyeona.

Jioni Martina alinitia matone. Aliniketisha kwenye kigoda, akasimama mbele yangu dirishani, akaniuliza kama namwona. Nikamwambia namwona. Walikuwa watatu. Nikachagua wa katikati, nikamtazama usoni, nikatabasamu.

Akanishika kidevu, akanigeuza kidogo kushoto, alikosimama yeye.