Kibao cha Kilima Cheusi

Jumamosi jioni, Rumonge. Jua limewaka tangu asubuhi, ziwani hakutoki hata upepo, nami nimevimba kwa hasira.

Kilima kilicho juu ya mwalo wetu wa wavuvi, eti ni volkano iliyozimika zamani sana. Ndivyo wanavyoeleza wenye mradi wa utalii tangu wajenge pale ngazi, uzio na jukwaa la kutazamia ziwa. Haya, na iwe volkano! Sisi tulijua jambo moja tu: mawe yake meusi yanashika joto. Ukianika ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, asubuhi, mchana wamekauka, hawana mchanga hata chembe. Ndiyo maana ndagala wa Mama hugombaniwa sokoni. Kwa kazi hiyo ametulea watoto watano tangu Baba afariki.

Leo mlinzi wa mradi amemfukuza Mama. Amemwaga beseni lake zima vumbini, mbele ya wageni waliopanda kupiga picha, kisha akamwonyesha kibao kipya cha mlangoni: ni marufuku kuanika samaki hapa.

Eti harufu inawaudhi wageni! Wanakuja kutazama ziwa, lakini hawataki kunusa kinachotoka ziwani. Pumbavu!

Nimemkuta Mama nyumbani anaosha ndagala aliowaokota vumbini.

"Sasa nitaanika wapi, mutoto wangu? Kwenye mchanga, nani atanunua?" Kisha akafoka: "Na ule mutu aliandika kile kibao, mama yake alimulishaka nini?"

Nikainama, nikamsaidia kuosha.

Kibao nimeandika mimi.

Msimamizi wa mradi aliniletea karatasi ya Kifaransa, mistari sita, nami nikafanya kama mafundi wa vibao tunavyofanya siku zote: sikusoma, nilipima. Niliangalia herufi zitaenea vipi, mistari iachane kiasi gani, rangi nyekundu isichuruzike. Nikakisimika mwenyewe. Tena nilijisifu, nikaweka picha yake humu mtandaoni, mkanipongeza.

Ningesoma, ningekataa? Natamani kusema ndiyo. Sina hakika, na hilo linaniudhi kuliko yule mlinzi na ngazi zake.

Mama hajui Kifaransa, wala majirani hawajamwambia ni kazi ya nani. Naweza kukaa kimya, na nikikaa kimya nitakuwa mshenzi kuliko wao wote.

Kesho, kabla hajabandika chai, nitamjibu.

Ulinilisha ndagala, Mama.