Tumeshavuka Lango

Kisangani, Mangobo
Jumapili ya Familia Takatifu

Mdogo wangu mpendwa Angèle,

Amani ya Bwana iingie nyumbani mwako kabla ya barua hii. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao siku hizi huniamsha kabla ya kengele ya parokia. Je, wewe na goti lako mnaelewanaje? Na wajukuu wa huko Ubundu, wamepona kikohozi? Uniwie radhi kwamba tangu Pasaka sijakuandikia. Nilikuwa ningali nikingoja habari inayostahili karatasi, na sasa ninazo mbili. Hiyo ya pili ni nzito kuiandika, kwa hiyo uniruhusu nianze na ya kwanza.

Nilikueleza zamani juu ya Timothée, yule baba wa familia anayechemsha mafuta ya mawese katika kiwanda chetu cha sabuni. Noeli ya mwaka jana kiwanda kilitufanyia karamu, na bia ilitangulia chakula. Timothée anakaa Lubunga, ng'ambo ya mto. Aliondoka amelewa, akafika kivukoni peke yake, akakanyaga ukingo wa mtumbwi nao ukapinduka. Wavuvi walimtoa akiwa hai, lakini paja lake lilikuwa limevunjika, na hadi leo anatembea kwa fimbo. Direkta wetu, Bwana Gédéon, alimtembelea hospitalini na kumwombea apone. Kisha akatuambia, kwa upole wake wote, kwamba karamu ni ya kiwanda, lakini wajibu wa kiwanda unaishia langoni. Mtu akishavuka lango, miguu ni yake mwenyewe.

Mwaka huu wenzangu walinichagua niwe mwakilishi wao, nadhani kwa sababu ya mvi kuliko ya akili. Majilio yalipoanza nilimwendea Bwana Direkta, nikamwomba samahani kwa kumpotezea wakati, nikamsihi afikirie jinsi watu watakavyorudi makwao baada ya karamu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akajibu kwamba ikiwa wafanyakazi wanataka kiwanda kiwafuate hadi vitandani mwao, basi afadhali karamu isiwepo kabisa, na atawaeleza wote ni nani aliyeiua.

Habari hiyo ilifika kwenye mitambo kabla yangu. Angèle, sijawahi kutaniwa namna ile tangu tulipokuwa shule ya masista. Mmoja aliniuliza, "Papa Cyprien, Noeli hii tutakunywa maji ya baraka?" Mwingine akasema wao wanataka bia, hawataki katekisimu. Hata Aboubakar, dereva wa kamio la kubebea sabuni, Mwislamu ambaye hajaonja pombe maishani mwake, alinilalamikia kwamba nimemnyima kuku wake wa kila mwaka. Niliweza kuvumilia hayo yote. Kilichonichoma ni Timothée mwenyewe, aliyenivuta pembeni akaniambia, "Papa, uache tu. Batu batasema ni mimi nilibaharibishia fête yabo ya Noeli." Nikaona kwamba mtu aliyeumia ndiye anayeona aibu, na kwamba nikinyamaza, Noeli hii mwingine atakwenda mtoni peke yake, na huenda wavuvi wasiwe karibu.

Mama Simone, mpishi wetu, ndiye pekee ambaye hakucheka. Aliniwekea lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki, akaniambia nile kwanza, kwa maana mtu hagombani na wakubwa akiwa na njaa.

Nikarudi kwa Bwana Direkta. Safari hii sikuwa na neno jipya, na yeye pia hakuwa nalo. Tulirudia yaleyale, mimi wajibu, yeye lango, hata nikaona haya kuendelea. Nikasimama, nikamshukuru, nikaaga nikiwa nimeshindwa.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Bwana Gédéon ni mtoto aliyelelewa vizuri. Alipoona mzee anasimama, naye akasimama kunisindikiza. Akanifungulia mlango, akanishika mkono kwenye ngazi, tukapita uani tukizungumza juu ya mvua. Mlinzi akatufungulia lango. Tukatoka. Akaita toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, akachagua yenye kiti kizuri, akaanza kumwonya yule mwendeshaji aende polepole, asipite kwenye mashimo ya barabara ya soko, na asiniache njiani ila mbele ya mlango wangu. Ndipo nikatazama chini, nikaona mahali miguu yetu iliposimama. Nikavua kofia, nikamwambia, "Bwana Direkta, uniwie radhi sana, lakini tumeshavuka lango."

Alitazama lango nyuma yake, akanitazama mimi. Mlinzi alijifanya anakohoa. Mwendeshaji wa toleka akauliza kama tunakwenda au hatuendi. Hapo Bwana Gédéon akacheka, cheko la mtu aliyekamatwa na malezi ya mama yake. Akasema kwamba angeniacha niondoke hivihivi, mama yake angemkemea, na kwamba hajui ni lini alianza kuwafanyia wafanyakazi wake jambo ambalo hawezi kumfanyia mgeni. Akaniomba nirudi ndani tukae tena.

Basi karamu ilifanyika, tena haijapata kuwa nzuri kama hii. Ilianza Jumapili ya mwisho ya Majilio, mara baada ya misa ya asubuhi, ikaisha jua lingali juu. Chakula kilitangulia bia, na Aboubakar alipata kuku wake. Wenye pikipiki walimkabidhi Mama Simone funguo zao langoni, naye akazifunga katika pindo la kitenge chake. Aliyetaka kurudishiwa ufunguo alipaswa kusali Baba Yetu mbele yake bila kukwama. Fundi mmoja alianza vizuri na Baba Yetu, akaishia na Salamu Maria. Mama Simone akamwambia kwamba Bikira Maria amemsikia, na anamtuma apande kamio la Aboubakar. Tulicheka hadi machozi, na fundi mwenyewe akapanda kamio akipunga mkono kama askofu.

Kwa watu wa Lubunga kiwanda kilikodi boti kubwa, na kila abiria alivalishwa jaketi la kuelea. Timothée alifika ukingoni akasimama. Tangu ajali ile alikuwa akivuka amefumba macho. Bwana Direkta hakumhimiza. Alivaa jaketi lake mwenyewe, akaingia majini na viatu vyake vya misa, akampa bega. Walivuka pamoja. Sisi tuliobaki upande huu tulimwona Timothée akishuka ng'ambo, akigeuka, akiinua fimbo yake juu kabisa. Wenzangu, walewale wa maji ya baraka, walianza kuimba, na mmoja wao akanibeba, jambo ambalo mgongo wangu bado haujamsamehe. Kila mmoja alifika kwake. Jumatatu hakuna hata jina moja lililokosekana kazini.

Na sasa, Angèle, nimefika pale nilipokuwa nikiogopa kufika.

Tulikubaliana kwamba kila mtu atakuwa na wa kumsindikiza hadi mlangoni pake. Mimi nilijitolea kumsindikiza Mama Simone. Aboubakar alitushusha Kabondo, anakokaa mama huyo, akaniuliza tangu lini njia ya kwenda Mangobo inapitia huko. Nikamuaga haraka. Tulipofika mlangoni, Mama Simone akasema si adabu mzee arudi peke yake, akanisindikiza hadi njia panda. Nami nikaona si adabu kumwacha hapo, nikamrudisha kwake. Alipotaka kunisindikiza tena, nilimwambia kwamba kwa namna hii hatutamaliza, na kwamba mimi, kwa kweli, sitaki tumalize. Yeye ni mjane tangu zamani. Akaitazama barabara, akaniambia hatatoa jibu kabla wewe, Angèle, hujalijua jambo hili, kwa sababu amesikia nikikutaja sana.

Ni wewe uliyemvika mke wangu Florentine nguo yake ya mwisho. Sitaki kupita juu ya mkono huo bila ruhusa yako. Simone hachukui kiti cha Florentine. Picha yake bado iko ukutani, na Simone ameuliza kama anaweza kuipangusa vumbi. Nisamehe ikiwa nimekuumiza. Ikiwa sijakuumiza, njoo utuone, kwa treni kama inatembea, au kwa pikipiki kama goti litakubali. Nitakusindikiza mwenyewe hadi Ubundu, na huenda tukawa wawili wa kukusindikiza.

Wasalimu wote wa nyumbani, uwabariki wajukuu kwa mkono wangu, na uniombee nisikwame katika Baba Yetu siku ya harusi, Bwana akipenda.

Kaka yako anayengoja neno lako,
Cyprien