Mbwa Wote wa Ringwani

Jumanne

Itangazwe kwa heshima zote: kata ya Ringwani ina mbwa 940, karibu kila mtu na wake. Ndivyo fomula yangu ya Excel ilivyosema, nami nikaagiza chanjo yote ya kichaa cha mbwa ipelekwe huko.

Bhoke, tunayekaa naye ofisi ya mifugo, akachungulia. "Mzee, shikamoo tena. Umechuja orodha ibaki Ringwani tu, lakini fomula yako ya COUNTA imehesabu hata mistari iliyofichwa. Hao ni mbwa wa wilaya nzima!"

Akaandika SUBTOTAL yenye 103, inayohesabu mistari inayoonekana tu. Wakabaki 86. Kata nyingine zote zingekosa chanjo, Mungu wangu.

Bosi nimemwambia kompyuta ilisumbua. Ukweli ni kwamba Bhoke alinifundisha fomula hiyo wiki iliyopita, nami nikaitikia "nimeelewa, nimeelewa" huku nikimalizia hindi la kuchoma.