Jumamosi Lueth Atatafsiri

Kakuma, Agosti 1998

Lueth wangu, mume wangu mpya kabisa,

Ejok, mpenzi, kama wasalimuvyo Waturkana! Ule mchezo wa runinga wa chombo cha angani tulioupenda shuleni Lodwar umefufuliwa, na kanda yake imefika hapa kambini! Nahodha sasa ni mwanamke, na nyota zinang'aa kama macho yako siku ya harusi. Lakini bila wewe wa kututafsiria, ukumbi mzima wa video ulikuwa ukiulizana, "Amesema nini?"

Déo, mwenye ukumbi, akacheka. "Shemeji, mumeo akirudi kutoka Lodwar watu watajaa hadi nje!" Akaandika kwenye ubao wa mlangoni: JUMAMOSI LUETH ATATAFSIRI.

Jana wanaume watatu waliusoma ubao huo. Ni wale wanaovuka mpaka kuchukua vijana wa kwenda vitani. Waliingia, lakini hawakutazama picha, walitutazama sisi. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Dada, Lueth atakuja na gari gani?" Nikasema simjui.

Déo ameufuta ubao, ila wao wameshalipia viti vya mbele vya Jumamosi.

Baki Lodwar, kipenzi. Nitakuja mimi. Sehemu ya pili ya mchezo tutaitunga wenyewe.

Ninayekupenda kupita kiasi,
Adhel