Mlango wa Sajini Bile

Isiolo, 9 Februari 1986

Binti yangu Sahra,

Salaam aleikum. Mimi mzima, vijana wa mtaa wetu wa Wabera bado wananiogopa. Mama yako mwili uko sawa, ni miguu tu imekataa.

Kiti cha magurudumu ulichotuma kimefika. Kizuri, lakini hakipiti mlangoni. Kubebwa mbele ya wanaume hataki, basi jua analiona kwa dirisha.

Nikaita Ekaale, fundi wa mawe, apanue mlango. Kabla hajapiga nyundo, ofisa wa nyumba za zamani akamzuia. Ati nyumba iko chini ya ulinzi wa serikali, jiwe haliguswi bila kibali. Nikamuuliza kama anajua Sajini Bile aliyeijenga, aliyepigana na Mjerumani, ni baba ya nani. Kibali amekataa. Wewe uko Nairobi, nenda uwaambie mimi ni nani.

Aabo wako,
Elmi


Nairobi, 2 Machi 1986

Aabo mpenzi,

Waaleikum salaam. Sisi wazima, watoto wanakuulizia.

Nimekwenda. Wanakujua sana, Aabo. Walipokuja kukagua nyumba uliwazungusha mchana kutwa ukiwaapia kwamba tangu Sajini Bile hakuna jiwe lililosogezwa. Wamekuamini, ndiyo maana wanaulinda hata mlango. Kilichoongezwa baadaye tu ndicho kinaweza kutolewa.

Lakini mama, Hooyo wangu, alinisimulia kuwa siku ya harusi yake ngamia aliingia na mzigo kwa mlango huohuo mpaka uani. Muulize. Halafu uwaambie ukweli, tafadhali.

Binti yako,
Sahra


Isiolo, 25 Mei 1986

Binti yangu Sahra,

Salaam nyingi na Ramadhani njema. Kimya changu si ugonjwa, ni hasira. Unataka nijikane mbele ya watu nilioapa mbele yao?

Nilishikilia hivyo mpaka juzi. Mama yako akaniuliza, pole pole tu, "Elmi, ngamia wangu alipita wapi, dirishani?" Halafu akageukia ukuta. Hiyo siku sikupata usingizi wa mchana.

Ni kweli. Wakati wa vita vya shifta, Sajini ameshazikwa, niliziba nusu ya mlango kwa mikono yangu kwa kuogopa risasi. Nani Isiolo hakuziba? Nilipaka plasta safi hata mimi nikasahau.

Basi nikamwita ofisa. Wazee wote wa barazani wakaja, na mzee Dabaso mwenye mdomo akakaa mbele kabisa. Nikasema, "Jiwe la Sajini halijaguswa. Lakini mawe haya hapa si ya Sajini. Ni yangu." Dabaso akacheka mpaka akakohoa. Ekaale akakwangua, na ukingo wa mlango wa zamani ukatokea, umenyooka kama askari kwenye gwaride. Ofisa akaupapasa, akasema atatuombea kibali. Nikamwambia aangalie pia plasta yangu, miaka ishirini haina ufa.

Aabo wako,
Elmi


Isiolo, 17 Agosti 1986

Sahra,

Salaam na Idd njema. Kibali kilikuja, ukuta wangu tumevunja, mlango sasa ni mpana kuliko wa chifu.

Hii barua fupi. Nina njaa, na chai hakuna. Mama yako alisukumwa kwenye kiti chake na wasichana wa jirani, akina Hawo, asubuhi kwenda kuamkia watu Idd, wakapitia Wabera yote, sasa nasikia wameonekana mtaa wa Chechelesi. Nimetuma mtu amwite arudi. Amejibu nijipikie.

Aabo wako